Soksi za Vukašin Bado Ziko Kwangu

Knjaževac,
16 Desemba 2015

Mama mdogo wangu mpendwa Radojka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto lako. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje? Je, baba mdogo Milisav bado anatia chumvi kwenye kila chakula kabla hajaonja, au daktari wake wa huko Perth amefaulu pale dada zake wote waliposhindwa? Na Filip na Anka wamekua kiasi gani? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ni mke wa mtu. Nalirudia neno hilo kila asubuhi nikichana nywele: mke wa mtu. Bado halijachuja.

Najua utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nachekacheka tu, wewe unaniambia nimenenepa, tunaagana, halafu nakumbuka kwamba sikukwambia lolote la maana. Karatasi inanisubiri.

Nianze na furaha yangu, maana nisipoitaja kwanza itanipasua kifua. Mama mdogo, nina bahati mpaka naona haya. Ognjen ana mikono ya fundi vigae, imekwaruzika na kupasukapasuka, lakini akinishika shavu naona ni pamba. Unakumbuka siku ya harusi ulipopiga simu ukalia? Ni yeye aliyenishikia simu sikioni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa maua, na alisimama hivyo hivyo mpaka ulipomaliza kulia, wageni wote wakisubiri supu. Siku hizi hupiga kila jioni kutoka Slovenia na kunionyesha bafu za watu. "Hiki nimekiweka nikikuwaza wewe," anasema. "Na kile pale?" "Na kile pia." Kuna mtu huko Ljubljana anaoga kwenye mapenzi yangu wala hana habari.

Ila aliondoka wiki ya pili baada ya harusi. Kazi haikungoja. Nalala nimevaa sweta lake la kijivu, lile lenye kiwiko kilichotoboka, na sijalishona kwa makusudi. Kitanda ni kipana kuliko nilivyodhani siku tulipokinunua.

Naishi na mama mkwe, Mama Stamena. Si mtu mbaya, usije ukanielewa vibaya. Hanisemi, haninung'unikii, hunimegea kipande kikubwa cha mkate. Lakini maneno yake ni ya kuhesabu. Tangu alipofiwa na mumewe, majirani wameacha kubisha kwake, na yeye hajawauliza kwa nini. Jioni tunakaa wawili, yeye anatazama televisheni na mimi natazama simu, na jiko la kuni ndilo linaloongea peke yake. Mji huu ni wao. Mimi hapa naitwa "bibi harusi wa Ognjen", hata na muuza mikate.

Ni mtu mmoja tu aliyeniita kwa jina langu, Nevena, au Nena kwa kifupi. Anaitwa Biljana, anakaa ng'ambo ya ua wetu, nyumba yenye mlango wa kijani. Siku Ognjen alipoondoka alinikuta nimesimama uani na ndoo tupu, nimesahau nilikuwa nakwenda kuchota nini. Akasema, "Nena, iache hiyo ndoo, njoo unywe kahawa. Wangu yuko Austria mwaka wa pili sasa, naujua ugonjwa wako." Tangu siku hiyo tulikunywa kahawa karibu kila jioni. Alikuwa akikipindua kikombe changu kunisomea bahati kwenye machicha ya kahawa, na kila mara aliona barabara yenye mtu anayerudi. Najua alikuwa anadanganya. Nilikuwa nakwenda ili nidanganywe.

Mama mdogo, huyo rafiki nilimpoteza. Ndiyo habari yenyewe niliyotaka kukuandikia, na nimezunguka ukurasa mzima kabla ya kuifikia.

Unajua nimepata kazi kwenye kituo cha watoto, kikundi cha wadogo kabisa. Cheti changu cha shule ya uuguzi kimenifaa hatimaye. Watoto wananiita shangazi, wazazi wananiita sista. Asubuhi zamu yangu ni ya mlangoni. Nawapokea, nawavua viatu vya nje, nawavika sapatu, na huku nikifanya hivyo nawatazama macho, koo na mikono. Anayeumwa haingii ndani. Aliyekuwa na homa usiku pia haingii, hata kama asubuhi ameamka akicheka, kwa sababu ifikapo saa nne homa inarudi, na kufika wiki ijayo tuna kikundi kizima kinachokohoa.

Lakini nani atakubali kwamba mwanawe alikuwa na homa usiku? Viwanda havina huruma. Wazazi wanampa mtoto dawa ya maji alfajiri, homa inashuka, wanamleta wakiwa na uso wa kanisani. Ukimwuliza mtu kwa nini mtoto ana joto, atakwambia anaota meno. Gordana, mkubwa wetu wa zamu, husema kwamba kwa maneno ya wazazi, watoto wa mji huu wana meno mengi kuliko samaki. Ndipo tukajifunza kutosikiliza. Tunagusa, tunapima, tunanusa. Ndiyo, tunanusa, maana unajua dawa yetu ya homa ni ipi. Umesahau ulivyokuwa ukinivika soksi zilizoloweshwa rakia, ile pombe kali ya plamu ya babu, ukazifunika na nyingine za sufu, nikalala nikinuka kama mlevi wa harusi? Hata leo hakuna nyumba isiyofanya hivyo. Mtoto akifika mlangoni na miguu yake inanuka rakia, hatuhitaji kipimajoto.

Jumatatu moja ya mwezi uliopita Biljana alimleta mwanawe Vukašin, ana miaka miwili na nusu, mashavu kama tofaa. Walikuwa wamechelewa na nyuma yao kulikuwa na foleni. Nikapiga magoti, nikafungua kamba za viatu, na harufu ikanipanda puani, rakia ya plamu, kali, ya kutosha kumchangamsha padri.

Nikamwuliza kama mtoto alikuwa na homa usiku.

"Hapana," akasema. "Aliingia kwenye pipa la plamu la baba kule kijijini. Nimemwogesha mara mbili, haitoki."

Baba mmoja kwenye foleni akasema, "Pipa ni zuri, sisi huwa tunasema meno," na watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, Mama mdogo. Nikampima Vukašin, hakuwa na homa. Lakini dawa ya alfajiri nayo huificha homa. Nikamwambia Biljana amrudishe nyumbani.

Aliinama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nena. Ni mimi."

Nikamjibu kwamba sheria ni ya wote.

Hakubishana. Alimvika mtoto viatu yeye mwenyewe, akafunga kamba vibaya kwa haraka, akaondoka. Gordana akanipiga bega akasema sasa nimekuwa mwenzao. Sifa ile ilinikaa mgongoni siku nzima kama nguo mbichi.

Mtoto akisharudishwa haruhusiwi kuingia tena bila karatasi ya daktari, na kwa daktari foleni ni ndefu. Biljana anaunganisha nyaya za magari kwenye kiwanda cha wageni, na msimamizi wake alikuwa ameshamwonya: akikosa kazi mara nyingine bila sababu, mwaka mpya mkataba wake hautaongezwa. Nililijua hilo. Aliniambia mwenyewe mezani kwake, mbele ya kikombe changu.

Tangu siku ile pazia lake lilishuka. Tulipopishana uani alinisalimu vizuri kabisa, bila hata kukunja uso: "Habari za kazi, Sista." Sista, Mama mdogo. Ningependelea anitukane. Nilikuwa na mahali pamoja pa kwenda jioni, na pakafungwa. Sikumwambia Ognjen. Alikuwa ananionyesha bafu lenye vigae vya bluu, na alikuwa na furaha sana, nami nikasema ni zuri, na kwa kweli lilikuwa zuri.

Kisha akaja Babu Krsta, baba yake Biljana. Alimletea mama mkwe rakia ya sikukuu, maana Jumamosi hii ni Mtakatifu Nikola, sikukuu ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Mzee akaketi, akavua kofia, akaanza kuisifu rakia yake, akasema ya mwaka huu ina baraka ya pekee kwa sababu imekanyagwa na jeshi. Yule mjukuu wake, akasema, alichopoka nyuma ya mgongo wa mamaye, akapanda kigogo, akatumbukia kwenye pipa na viatu vyake vyote, plamu mpaka magotini, akasimama humo akipiga saluti. Walimtoa akilia kwa sababu alitaka kubaki.

"Viatu vimerudishwa kwangu, tumevianika mpaka leo," akasema mzee. "Nzi wote wa kijiji wanalala humo."

Mama mkwe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na sikuweza hata kufurahi. Viatu! Harufu ilikuwa kwenye viatu. Nilipiga magoti mbele ya mtoto yule, nikavishika kwa mikono yangu, na ningeviinua tu puani ningejua. Lakini nilikuwa nimeshajua kabla ya kunusa.

Kesho yake nilioka keki ya jozi, nikavuka ua. Biljana alifungua mlango, akasimama katikati yake. Nikamwambia Babu Krsta amenieleza yote, na kwamba naomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama ungenirudisha kwa ajili ya sheria," akasema, "ningenuna siku moja. Ulinirudisha kwa sababu uliniona mwongo, mbele ya watu, na ukacheka nao."

Nikasema ni kweli. Akaipokea keki, kwa kuwa mtu hakatai keki, akafunga mlango taratibu. Sahani iliachwa kesho yake kwenye kizingiti chetu, imeoshwa, na haikuwa na kitu ndani. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua maana ya sahani kurudi tupu.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi iliyopita.

Asubuhi ile theluji ilikuwa imeganda. Foleni ilikuwa imekwisha nami nafagia matope mlangoni, nikamwona Biljana amesimama nje ya lango, Vukašin begani kwake amefunikwa blanketi. Hakuingia. Nikamfuata bila koti.

"Jana usiku alikuwa na thelathini na nane na nusu," akasema. "Nimemvika soksi za rakia, safari hii za kweli. Alfajiri nimempa dawa ya maji, ndiyo maana sasa amepoa. Hana meno yoyote."

Nikamvutia mtoto blanketi mabegani.

"Sikumleta aingie," akasema. "Nimekuja kukwambia. Basi la kiwanda linapita sasa hivi, baba amezibiwa njia na theluji, na sina mtu. Niambie wewe nifanye nini, maana mimi nimechoka kufikiri peke yangu."

Hakuniita Sista. Hakuniita Nena pia.

Nilimpigia mama mkwe. Sijui nilipata wapi ujasiri, kwani sijawahi kumwomba hata chumvi. Nikamweleza haraka, mtoto ni wa Biljana, ana homa, mama yake akikosa kazi leo anaweza kuipoteza. Nilisikia kuni zikilia jikoni. Kisha Mama Stamena akasema, "Mlete. Na mwambie mama yake asikimbie, kuna barafu."

Nilipomwambia Biljana, alitazama upande wa mtaa wetu kwa muda. Kumwachia mama mkwe wangu mtoto mgonjwa si jambo dogo, maana watu humwogopa kidogo, na alijua kwamba neno la kumhakikishia lilikuwa langu, mimi niliyekataa neno lake. Aliniuliza tu, "Wewe ungemwachia wa kwako?"

Nikasema ningemwachia.

"Haya," akasema, akashika njia ya kwetu, mtoto begani.

Gordana alikuwa ameona yote dirishani. Niliporudi ndani natetemeka, alinisogezea chai, akasema huyo ndiye mzazi wa kwanza mwaka huu kusema kweli langoni, na kwamba tungemwandikia cheti kama tungekuwa na vyeti vya namna hiyo. Alikuwa anatania. Lakini baadaye, watoto walipolala, aliniuliza polepole ni nani aliyeanza, wao kuficha au sisi kunusa. Sikujua. Wewe unajua?

Siku hiyo nilirudi nyumbani karibu mbio. Nilipofungua mlango nilidhani nimekosea nyumba. Mama mkwe alikuwa anaimba. Si wimbo, ni mngurumo tu wa mtu aliyesahau maneno. Vukašin alikuwa kitandani kwa Ognjen, kile cha utotoni, amefumba macho, miguu imetokeza, na mwanamke yule asiyeongea akaniambia, bila kugeuka, kwamba Ognjen naye alikuwa hivi hivi akiwa na homa, lazima miguu itokeze. Nikaketi sakafuni. Akaniambia jinsi Ognjen alivyokula mchanga. Akaniambia jinsi alivyolia siku ya kwanza ya shule kwa sababu mwalimu hakuwa na sharubu kama baba yake. Nilipata mambo mengi ya mume wangu siku ile kuliko yote niliyowahi kuambiwa, na nilitaka kumpigia simu palepale nimwambie kwamba nampenda na mchanga wake.

Jioni Biljana alikuja kumchukua. Homa ilikuwa imeshuka yenyewe. Alimshukuru mama mkwe, akamshika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia kahawa iko jikoni. Akasema mtoto anahitaji kitanda chake, na ilikuwa kweli. Mlangoni aligeuka, kama mtu aliyetaka kusema kitu, akasema, "Kuna barafu, fungeni vizuri." Wakaenda, na nyumba ikarudi kuwa kama zamani. Mama Stamena akawasha televisheni.

Baadaye nikaziona soksi za Vukašin juu ya mkono wa kiti, ndogo, za rangi ya njano, bado zinanuka. Nimezifua, nimezianika kwenye kamba iliyo juu ya jiko, karibu na sweta la Ognjen. Zimekauka siku nyingi. Sijazirudisha. Ningeweza kuvuka ua kwa hatua chache nikazitundika kwenye kitasa chake, lakini hapo jambo lingekuwa limekwisha, naye hatakuwa na sababu ya kubisha kwetu.

Jumamosi ndiyo sikukuu yetu, na unajua desturi: kwenye sikukuu ya nyumba mtu haalikwi. Aliye wako anakuja mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kumwalika, hata nikitaka kufa. Mama mkwe na mimi tumeshaloweka maharage ya kuoka, samaki wataletwa Ijumaa, na mshumaa tumeununua mrefu. Ognjen alikuwa aje. Jana amesema bosi wake anataka jengo likabidhiwe kabla ya mwaka mpya, huenda asiruhusiwe. Alisema "huenda" kwa sauti ile ya kunibembeleza, nami nikamwambia asijali, nitamkatia kipande chake cha mkate wa sikukuu nikiweke. Nikakata simu kabla sijaharibu. Nampenda sana, Mama mdogo. Ni kwamba tu mapenzi yangu yana masikio na hayana miguu.

Nisalimie baba mdogo Milisav na umfiche chumvi. Mbusu Filip, mbusu Anka, na mwambie Anka vile vibanio vya nywele alivyonitumia nilivivaa siku ya harusi chini ya shela, hakuna aliyeviona ila mimi. Mama Stamena anakusalimu pia. Nilimwuliza kama nikuandikie, akasema "andika", na kwake hiyo ni hotuba. Mungu ayalainishe magoti yako, awashe taa mlangoni kwenu kila mnaporudi, na asiache nyumba yako ikae siku nzima bila mtu wa kubisha.

Ni mimi mtoto wa dada yako, ninayekupenda hata sasa, mimi nikiwa macho na wewe umelala,

Nevena

Jumamosi, 19.

Mama mdogo, bahasha ilikuwa bado wazi, kwa hiyo naongeza haya machache, nimesimama, mikono ina unga. Ognjen hakuja. Ameimba kwenye simu padri alipokuwa anakata mkate, na mama mkwe akaishika simu ile karibu na mshumaa mpaka ikapata moto. Wamekuja binamu wawili wa marehemu baba mkwe na mwanamke wa duka la mikate. Tulikuwa tumeshakaa, nami nimeacha kutazama mlango. Kisha mlango ukagongwa. Uligongwa chini kabisa, karibu na kizingiti, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki.